Swali la Nyongeza

Mbunge alipouliza kwa nini zahanati ya kwao haina dawa, jibu la serikali lilikuwa na umbo ambalo sisi waandishi wa Hansadi, kumbukumbu rasmi za Bunge, tulilijua kabla halijatamkwa. Waziri, na mara nyingi zaidi Waziri Msaidizi, alisimama na karatasi yake akasema: "Bw. Spika, naomba kujibu. (a) Sina habari kwamba zahanati hiyo haina dawa. (b) Kutokana na jibu langu kwa sehemu (a), sehemu (b) haitokei." Kisha akaketi. Sehemu (b) ndiyo iliyokuwa imeuliza serikali itafanya nini, na lini.

Majibu ya namna hiyo niliyaandika tangu ujana wangu hadi nilipostaafu, kwanza kwa hati mkato, baadaye kwa kusikiliza kanda, mwishowe kwenye kompyuta. Watu hudhani kazi yetu ilikuwa ya kuchosha. Hawajui kilichofuata baada ya waziri kuketi. Mbunge alisimama tena, safari hii bila karatasi: "Bw. Spika, swali la nyongeza. Waziri Msaidizi anasema hana habari. Je, amewahi kufika huko?" Hapo ndipo ukumbi ulipoamka. Jibu la kwanza lilikuwa limeandikwa na afisa fulani wa wizara, na waziri alilisoma tu. Swali la nyongeza hakuna aliyekuwa amemwandikia jibu lake. Alilazimika kulitoa kichwani mwake, mbele ya wenzake, huku kalamu zetu zikimfuata neno kwa neno. Kwangu mimi, historia ya maswali katika Bunge la Kenya ni historia ya swali hilo la pili: nani anaruhusiwa kuliuliza, na nani analazimika kusimama kulijibu.

Safari ya swali ilianza kwa Karani wa Bunge. Mbunge aliliandika, makarani wakalipima kwa Kanuni za Kudumu: lisiwe hotuba, lisiwe na matusi, lisiguse jambo lililo mbele ya mahakama. Likikubaliwa lilipewa nambari na kupelekwa kwa Katibu wa Kudumu wa wizara inayohusika. Kutoka hapo lilishuka kwa Mkuu wa Mkoa, kwa Mkuu wa Wilaya, kwa Mkuu wa Tarafa, pengine mpaka kwa chifu. Jibu nalo likapanda ngazi zile zile kurudi Nairobi. Wengi hawaoni kwamba faida ya kwanza ya swali ilipatikana njiani, kabla ya siku ya kujibiwa. Afisa ambaye hakuwa ameikanyaga zahanati ile mwaka mzima alipanda gari la serikali akaenda kuitazama, kwa sababu ofisi kuu inataka jibu kwa maandishi. Zipo zahanati zilizopata dawa wiki moja kabla waziri hajasimama kusema hana habari kwamba dawa hazipo. Maneno yake yalikuwa kweli siku hiyo, na wagonjwa walikuwa wamepata dawa.

Siku yenyewe ilipofika, alasiri saa nane na nusu, Spika alimwita mwulizaji kwa jina. Asipokuwepo aliitwa mara ya pili. Akikosekana tena, swali lilifutwa, na kazi yote ya makarani, ya wizara na ya chifu ikaishia kwenye mstari mmoja wa Hansadi. Mistari hiyo iliniuma zaidi ya majibu mabaya.

Desturi hii tuliletewa. Huko London, swali la kwanza linalokumbukwa liliulizwa katika Nyumba ya Malodi mwaka 1721. Hapa kwetu Baraza la Kutunga Sheria lilikutana mara ya kwanza tarehe 17 Agosti 1907, katika jengo dogo la mbao na mabati jirani na reli, upande wa barabara inayoitwa leo Haile Selassie. Waliokaa humo walikuwa maafisa wa serikali na walowezi, Lord Delamere akiwa mmoja wao. Baada ya muda mfupi akaongezwa A. M. Jeevanjee, yule mfanyabiashara ambaye bustani yake bado iko katikati ya jiji. Walowezi waliibana serikali yao kuhusu ardhi na vibarua. Waafrika walikuwa ndio jambo linaloulizwa; hawakuwa na wa kuwaulizia.

Mwaka 1924 Waafrika walipewa msemaji, naye alikuwa Mzungu: Dkt. John Arthur, mmisionari wa Kanisa la Scotland kule Thogoto. Iliwachukua watawala miaka ishirini zaidi kukubali kwamba Mwafrika anaweza kujisemea. Oktoba 1944 waliteua mwalimu, Eliud Mathu, mwana wa Riruta, aliyesoma Alliance na baadaye Balliol, Oxford. Mimi ni mkazi wa Riruta, na bado naona fahari kwamba Mwafrika wa kwanza kuiuliza serikali swali katika Baraza lile alitoka upande wetu huu wa Dagoretti. Mwezi ule ule waliomuunga mkono waliunda chama cha kumpa nguvu, Kenya African Study Union, ambacho mwaka 1947 Jomo Kenyatta alikuja kukiongoza kikiwa Kenya African Union (KAU).

Hebu fikiria Mathu alikuwa akiingia wapi. Baraza wakati huo lilikutana katika Memorial Hall, kwenye Delamere Avenue, ambayo leo ni Kenyatta Avenue. Nje, barabara hiyo hiyo, askari aliweza kumsimamisha Mwafrika yeyote na kumdai kipande, kile cheti kilichotiwa kwenye kikebe cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Ndani, Mwafrika mmoja alisimama mbele ya maafisa na walowezi akaihoji serikali kuhusu kipande hicho hicho. Alikuwa peke yake. Akijibiwa ovyo, hakuna mwenzake wa kusimama kumwongezea swali la pili. Benaiah Ohanga alijiunga naye mwaka 1947, na mwaka uliofuata wakawa wanne. Machi 1957 Waafrika wanane walichaguliwa kwa kura, miongoni mwao Tom Mboya wa Nairobi, Oginga Odinga, Ronald Ngala, Masinde Muliro na Daniel arap Moi. Mathu mwenyewe alishindwa katika uchaguzi huo na Bernard Mate. Hata hivyo ule mlango alikuwa ameufungua yeye.

Kufikia hapo Baraza lilikuwa limehamia kwenye jengo la mnara wa saa lililochorwa na Amyas Connell, ambamo lilianza kukutana mwaka 1954. Miaka mitano baadaye, Machi 1959, wafungwa 11 walipigwa hadi kufa katika kambi ya Hola. Taarifa ya kwanza ya serikali ilisema walikufa baada ya kunywa maji. Hiyo ilikuwa sehemu (a). Wabunge wa Uingereza, Barbara Castle akiwa mstari wa mbele, walikataa kuketi. Waliuliza tena na tena hadi mjadala wa usiku wa Julai 1959 ambapo hata Enoch Powell wa chama tawala alisimama kuishutumu serikali yake. Niliposoma kumbukumbu za mjadala ule, nilielewa kwa nini wakoloni walichukia maswali yanayorudiwa. Uongo wa serikali huweza kustahimili swali moja.

Uhuru ulipokuja mwaka 1963 tuliuchukua utaratibu huo wote kama ulivyokuwa, pamoja na lugha yake. Mbunge aliyechaguliwa kwa hotuba za Kiswahili, Kiluhya au Kikamba aliingia ukumbini na kutakiwa kuuliza kwa Kiingereza. Wengine walikaa humo miaka mingi bila kusimama. Tarehe 4 Julai 1974 Mzee Kenyatta akatangaza kwamba kuanzia hapo Bunge litazungumza Kiswahili. Katiba ikarekebishwa. Mwaka uliofuata ikarekebishwa tena ili miswada na sheria zibaki kwa Kiingereza, na mwaka 1979 lugha zote mbili zikaruhusiwa, kwa sharti kwamba mwenye kuanza kwa lugha moja aimalize hotuba yake kwa lugha hiyo.

Miaka hiyo mitano ndiyo iliyoniingiza mimi kazini, maana Hansadi ilihitaji vijana walioweza kuandika Kiswahili haraka. Ninaizungumzia kwa upendo. Mawaziri waliozoea kujificha nyuma ya Kiingereza cha wizara walitakiwa kueleza kwa lugha ambayo mama muuza mboga wa soko la Kangemi angeifahamu redioni. Afisa aliyeandika jibu aliliandika kwa Kiingereza, waziri akalitafsiri akiwa amesimama, na katika kutafsiri maneno mengi yaliyotumika kuficha yalipukutika. Huwezi kusema kwa Kiswahili chepesi kwamba jambo "linashughulikiwa ipasavyo na vyombo vinavyohusika" kisha mtu asikuulize ni chombo gani. Nao wabunge waliokuwa kimya wakapata sauti. Wapo wasomi waliolilalamikia badiliko lile, na kweli kulikuwa na matatizo ya istilahi za sheria na fedha. Lakini kama kipimo ni waziri kubanwa na raia kuelewa, sijaona kipindi kilichokuwa bora.

Kwa bahati mbaya kipindi hicho hicho kilikuwa kigumu mno. Machi 1975 J. M. Kariuki, Mbunge wa Nyandarua Kaskazini, alitoweka. Gazeti moja likaandika kwamba yuko Zambia. Mwili wake ulikuwa umepatikana kwenye vilima vya Ngong, mwendo mfupi kutoka Karen. Wabunge hawakutosheka na majibu waliyopewa, wakaunda kamati teule chini ya Elijah Mwangale, na ripoti yake ya Juni ikaitaka serikali iwachunguze watu wake yenyewe. Masinde Muliro, aliyekuwa waziri, pamoja na Mawaziri Wasaidizi John Keen na Peter Kibisu, waliiunga mkono ripoti hiyo kwa kura. Wote watatu walifutwa kazi.

Oktoba mwaka huo huo Martin Shikuku wa Butere alisema ukumbini kwamba kuna watu wanataka kuliua Bunge kama chama cha KANU kilivyouawa. Akatakiwa athibitishe. Aliyekuwa kwenye kiti siku hiyo alikuwa Naibu Spika, Jean-Marie Seroney wa Tinderet, naye akaamua kwamba jambo lililo wazi halihitaji kuthibitishwa. Siku chache baadaye polisi waliwakamata wote wawili ndani ya eneo la Bunge. George Anyona, aliyekuwa akifuatilia zabuni ya mabehewa ya reli, alikamatwa mwaka 1977. Waliachiliwa Desemba 1978, Kenyatta akiwa ameshafariki na Moi yuko madarakani. Tuliobaki na kalamu zetu tuliendelea kuandika. Maswali hayakukoma hata siku moja, ila yalibadilika umbo: zahanati, daraja, mwalimu mkuu, chifu mlevi. Mbunge alijua anaweza kumbana waziri kuhusu daraja. Kuhusu mauaji, swali la nyongeza lingeweza kumpeleka kizuizini.

Mwanzoni mwa miaka ya 80 kikundi cha vijana, James Orengo, Koigi wa Wamwere, Mashengu wa Mwachofi, Lawrence Sifuna, Chibule wa Tsuma, Abuya Abuya na Onyango Midika, walijaribu tena kuuliza makubwa. Waziri Charles Njonjo aliwaita akina dada saba wenye ndevu. Juni 1982 nchi ikawa ya chama kimoja kisheria, na muda haukupita wengi wao wakawa jela, uhamishoni au nje ya siasa.

Tukio ambalo sitalisahau halikuanza na swali la mbunge. Mwaka 1989 serikali ilitaka kujenga jumba la orofa 60 katika Uhuru Park, hatua chache kutoka Bunge. Wangari Maathai aliandika barua kuuliza: kwa idhini ya nani, kwa fedha za nani? Hakuwa mbunge, hivyo hakuwa na haki ya kusimama ukumbini. Wabunge waliacha shughuli iliyokuwa mbele yao wakamjadili yeye, talaka yake na kina mama wa vuguvugu lake la Green Belt, kwa maneno ya kudhalilisha. Hansadi haiwezi kuchagua. Kila neno liliandikwa. Hata hivyo wafadhili waliogopa, na mradi ule ukafa. Januari 2003, baada ya KANU kushindwa, Wangari aliingia ukumbi ule ule akiwa Mbunge wa Tetu na Waziri Msaidizi wa Mazingira. Sasa yeye ndiye aliyesimama kusema "naomba kujibu," akaulizwa kuhusu misitu na wanaoivamia. Nyongeza alizijibu bila kutazama karatasi, kwa sababu misitu aliifahamu. Kumbukumbu za 1989 na za 2003 zinapaswa kusomwa pamoja na kila anayetaka kujua Bunge hili limetoka wapi.

Vyama vingi viliporejea, nyaraka ndizo zilizogeuza maswali kuwa silaha. Mwaka 1993 Anyang' Nyong'o na Paul Muite walitumia karatasi zilizotolewa Benki Kuu na kijana mwaminifu, David Munyakei, kufichua Goldenberg: kampuni iliyolipwa fidia ya asilimia 35 kwa kuuza nje dhahabu na almasi, katika nchi isiyochimba almasi, wakati sheria iliruhusu asilimia 20. Munyakei alipoteza kazi na akafa maskini. Aprili 2004 Maoka Maore wa Ntonyiri aliweka mezani nyaraka za mkataba wa pasipoti, na jina la kashfa hiyo, Anglo Leasing, likaenea nchini. Tangu mwaka 2008 runinga ilionyesha vikao moja kwa moja, na katika serikali ya mseto Waziri Mkuu Raila Odinga alikuwa na kipindi chake cha kujibu siku ya Jumatano.

Kisha tukakiua kipindi cha maswali sisi wenyewe, na kwa nia njema. Katiba iliyozinduliwa Uhuru Park tarehe 27 Agosti 2010 iliwatoa mawaziri Bungeni. Waziri hawezi kuwa mbunge. Ataitwa mbele ya kamati kujibu. Niliipigia kura katiba ile na ningeipigia tena. Kutenganisha mihimili kulikuwa na maana baada ya miaka mingi ya rais kuwanunua wabunge kwa vyeo vya uwaziri. Lakini Bunge jipya lilipoanza Machi 2013, tuliona pengo siku ya kwanza. Mbunge aliomba taarifa. Mwenyekiti wa kamati akaandikia wizara, wizara ikaandika barua, na mwenyekiti akaisoma ukumbini. Mbunge alisimama kwa nyongeza, na mwenyekiti, mbunge kama yeye, asiyesimamia zahanati yoyote, alikuwa na jibu moja tu la haki: nitarudi wizarani kuuliza. Kwa miaka kumi serikali ya Kenya ilijibu maswali kwa barua. Kamati ziliwahoji mawaziri, nyingine kwa ukali mkubwa, na sheria ya 2017 inaruhusu shahidi anayekaidi wito kutozwa faini hadi shilingi 500,000. Lakini chumba cha kamati si ukumbi. Swali la mbunge wa Turkana lilijibiwa mbele ya watu wachache, kwa siku iliyowafaa wakubwa.

Jirani zetu walikuwa wanatuonyesha tulichopoteza. Dodoma, ambako mawaziri ni wabunge, kikao cha asubuhi bado kilifunguliwa kwa maswali na majibu, na Alhamisi Waziri Mkuu aliulizwa papo kwa papo. Unaweza kuyakosoa majibu yale, na Watanzania wenyewe huyakosoa. Ila mwenye kujibu alikuwa amesimama mbele yao.

Desemba 2022 Rais Ruto aliwaandikia Maspika akipendekeza mawaziri warudi ukumbini kujibu. Kanuni zikarekebishwa, na mwaka 2023 Jumatano ikawa tena siku ya maswali, katika Seneti na katika Bunge la Kitaifa. Wapo wanasheria wanaosema hilo linabomoa mpaka wa mihimili. Siafikiani nao. Waziri anayeingia kujibu hapigi kura wala hachangii muswada; anakuja kama mtumishi aliyeitwa na wenye mali. Kinachonisumbua ni viti vitupu: waziri ana safari, waziri ana mkutano, waziri ameomba swali liahirishwe. Maspika wote wawili wamelikemea jambo hilo ukumbini.

Tarehe 25 Juni 2024 vijana waliokataa Mswada wa Fedha waliingia katika jengo la Bunge, sehemu yake ikashika moto, na wenzao wakauawa kwa risasi barabarani. Siku kumi baadaye Rais alikaa kwenye mazungumzo ya sauti mtandaoni akaulizwa moja kwa moja na vijana wale. Niliyasikiliza nyumbani kwa sikio la kazi yangu ya zamani. Hawakutoshwa na jibu la kwanza. Kila mmoja alikuwa na la nyongeza, na aliyetoka nje ya mada aliambiwa na wenzake arudi kwenye swali. Walikuwa wamekulia katika ile miaka kumi ya barua, na hakuna aliyewafundisha.

Hansadi inapatikana kwenye tovuti ya Bunge bila malipo. Mkazi wa Kawangware, Kangemi au Mutuini anayetaka kujua swali la mtaa wake lilifika wapi aifungue ya Jumatano. Atafute jina la mbunge wake, asome jibu la waziri lote, kisha atazame mistari inayofuata kuona kama mbunge huyo alisimama tena.